Nicodemo wa Ng'ambo ya Kijito

Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa. Ndiyo sababu watu wa Arusha na Babati wenye mbwa, wakitaka kulala kwenye hema mwisho wa wiki, walikuwa wanamtafuta kaka yangu, Nicodemo Akonaay. Kwake mbwa waliruhusiwa. Alikuwa na kambi mbili. Kiangazi kikikaza alishuka Hanang, akafunga turubai kando ya Ziwa Balangida, upande wa Gehandu, mahali penye chemchemi ya maji matamu. Miezi mingine yote alikuwa kwetu juu ya Nambis, kwenye shamba letu linalopakana na msitu. Alisawazisha mahali pa kusimamisha hema, alikata kuni, aliteka maji, alichimba choo, na alijua kukaa na mbwa wa kila aina bila kupandisha sauti. Wageni walimpenda. Walipeana namba yake ya simu, na wapo waliorudi kila mwaka.

Wao hawakujua kwa nini hakai nyumbani. Sisi tulijua. Nataka kulieleza jambo hilo jinsi lilivyokuwa kwa sababu kaka yangu sasa ni marehemu, na kwa sababu kuna mambo niliyoyaona ambayo mpaka leo sijui niyaweke wapi katika imani yangu. Mimi ni Fransiska, mdogo wake wa mwisho.

Mke wa Nicodemo aliitwa Marieta. Alifariki akijifungua, na mtoto hakutoka. Kwetu hakuna kifo kizito kama hicho. Desturi ya wazee inasema mwanamume aliyefiwa hivyo anatengwa, tunaita metimani. Haingii kwenye boma la mtu, hali kwenye chungu kimoja na mtu, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani, na zaidi ya yote hamkaribii mwanamke mwenye mimba, maana wanasema kilichomchukua mkewe bado kinatembea naye. Anakaa hivyo mpaka wazee waone imetosha. Ndipo wanakwenda, wanamnyoa, wanamwosha, wanakula naye, na jambo limekwisha.

Baba yetu alikataa. Mzee Akonaay alibatizwa akiwa kichanga, ameongoza kwaya ya parokia mpaka sauti ikamwisha, na mambo ya metimani aliyaita giza. Siku ya maziko alisimama kaburini, padre akiwa bado na stola shingoni, akasema mbele ya watu wote kwamba nyumba yake ni nyumba ya Kristo, hakuna mtu anayetengwa ndani yake, na kesho yake watu waje wale chakula cha msiba.

Kesho yake tulipika. Hakuja mtu. Hawakututukana wala hawakununa. Walisimama njiani wakatupa pole, wakauliza hali ya baba, wakaacha maziwa na viazi langoni, wakaenda zao. Makande tuliyopika yalichacha kwenye sufuria kubwa za kukodi.

Nicodemo aliyaona hayo. Aliona pia kwamba mimi nilikuwa na mchumba, na kwamba hakuna wazazi watakaoleta mahari kwenye boma ambalo watu wanaliogopa. Asubuhi moja alichukua turubai, sufuria, jembe na mbwa wake wawili, akapanda shamba la juu, akavuka kijito kinacholigawa, akaweka makazi upande wa msitu. Hakuna aliyemtuma. Alijitenga mwenyewe ili sisi tuliobaki tuweze kuishi na watu.

Mbwa wale mmoja aliitwa Tajiri, ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu, na mwingine Mjumbe. Jina la Mjumbe alilitoa Marieta mwenyewe, kwa sababu mbwa huyo alikuwa anapita mlango hadi mlango anabweka na hakuna alichokuwa anamaliza. Mjumbe wa kitongoji alipokuja kulalamika, Marieta alimjibu kwamba mbwa mwenyewe hajalalamika. Ndivyo alivyokuwa shemeji yangu. Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusema.

Tangu hapo niliongea na kaka yangu ng'ambo ya kijito. Si kijito kikubwa, mtoto anaweza kukiruka, lakini yeye hakuvuka na mimi hakunikubalia nivuke. Nilikuwa naweka chakula juu ya jiwe upande wangu, narudi nyuma, yeye anakuja kukichukua. Kisha tunakaa, kila mtu ng'ambo yake, tunapiga kelele kama watu wanaonunua ng'ombe mnadani. Aliniuliza kama mchumba wangu Patriki amerefuka. Nilimwambia mtu akishamaliza kidato cha nne harefuki tena. Alisema basi tumshonee viatu vya kisigino kwa siku ya harusi. Ukimsikia ungedhani ni mtu asiye na jambo.

Wageni wa kwanza walimkuta hivyo. Walikuwa mama mmoja wa Kizungu na mume wake Mmeru, wanaishi Arusha, wana mbwa wawili wakubwa wenye manyoya kama kondoo. Walikuwa wamerudishwa kwenye lango la hifadhi kwa sababu ya mbwa hao, wakawa wanatafuta tu mahali pa kulala. Waliona turubai ukingoni mwa msitu wakaomba. Nicodemo aliona kwamba hao si watu wa desturi yetu, hawana ng'ombe huku wala mimba, haiwezi kuwadhuru. Akawakubalia. Mimi nilikuwa upande wangu na bakuli la mlenda, kwa hiyo ninachokisema nilikiona.

Mbwa wale waliruka kutoka kwenye gari. Hawakumwendea Nicodemo, hawakumwendea Tajiri wala Mjumbe, hawakunusa hata nyama iliyokuwa inachomwa. Walikwenda moja kwa moja upande wa pili wa moto, kwenye gogo ambalo hapakuwa na mtu, wakaanza kutikisa mikia. Walitikisa mpaka viuno vikatikisika. Kisha wakatulia, wakashusha masikio, na mmoja akaweka kidevu juu ya gogo, akafumba macho, kama mbwa anayekunwa kichwa.

Yule mama aliuliza kwa Kiswahili chake kizuri ni nani anakaa pale. Nicodemo akamjibu bila kugeuka, "Mke wangu." Mama akafikiri mke huyo amekwenda kuteka maji. Chakula kilipoiva alitenga sahani mbili, moja ya Nicodemo na moja aliiweka kwenye gogo, akaifunika na kitambaa. Walipoondoka asubuhi aliomba amsalimie mkewe, akasema anasikitika hawakuonana.

Niliporudi nyumbani nilipiga magoti nikasali rozari nzima. Nilijiambia mbwa ni mbwa, gogo lilikuwa na harufu ya mafuta. Lakini walikuja wageni wengine na mbwa wengine, mweusi mwenye miguu mifupi, wa rangi ya mchanga, hata kijibwa cha kubebwa kwenye kapu, ambao hawajawahi kukutana na wenzao wale, na wote walifanya vilevile. Gogo Nicodemo alishalichoma zamani. Walikwenda mahali lilipokuwa.

Nilimwuliza kaka yangu kama na yeye anaona kitu. Akasema haoni. Akasema yeye anaangalia mbwa tu, wao wakitulia anajua yupo, wakihangaika anajua ametembea. Nikamwambia tumwombee misa. Akasema mwombeeni, atafurahi, ila msiombe aondoke.

Harusi yangu ilifanyika. Baba alikuwa bado anashikilia neno lake, akamtumia Nicodemo ujumbe kwamba hajatengwa na mtu yeyote, ashuke aje kwenye harusi ya mdogo wake. Akashuka. Alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe, amevaa koti la harusi yake. Alisimama langoni akasema hodi, akawaamkia wazee, "Shikamooni." Waliitikia vizuri, marahaba, marahaba. Lakini mikono yote iliyokuwa kwenye ugali ilibaki palepale ilipokuwa, hakuna uliokwenda mdomoni, hakuna uliorudi kwenye sinia. Wajawazito wawili waliokuwa jikoni walitoka kwa mlango wa nyuma, mmoja akikimbia na kijiko mkononi. Nicodemo alinitazama nilivyovaa, akanikonyeza, akarudi juu. Baada ya muda kidogo mikono ikaendelea.

Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja tu duniani, nami niliiweka kwenye sala zangu za asubuhi: kaka yangu arudi akae kwenye boma, ale na watu kabla hajafa.

Nilikwenda kwa Mzee Sulle. Huyu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, anayeongoza rozari kila Jumatano, na ndiye pia mzee ambaye watu humfuata kwenye mambo ya kutenga na kutoa. Yeye mwenyewe haoni tatizo. Anasema Mungu ana milango ya mbele na ya uani. Nilimwomba, kwa heshima zote, amtoe Nicodemo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nimtoe wapi, mwanangu?"

Nikasema amtoe kule aliko.

"Baba yako alisema kaburini, mbele ya padre, kwamba hakuna aliyetengwa. Sisi hatukumwingiza. Mtu ambaye hakuingizwa hatolewi. Nikienda kumnyoa leo, nitakuwa nimemnyoa tu kama kinyozi. Watu watajua, na ng'ombe watajua."

Nilirudi kwa baba. Baba akasema hakuna cha kutolewa, kijana arudi nyumbani ale, na wanaoogopa waogope. Nikawa ninapanda na kushuka kati ya wazee hao wawili, kila mmoja anashikilia neno lake, na katikati yake kaka yangu anazeeka na mbwa. Baba akikubali kusema kwamba Nicodemo alikuwa ndani, basi angetolewa siku ileile. Hilo tu. Baba hakulisema.

Kiangazi cha mwaka jana Shabani alinipigia simu. Shabani ni mfanyabiashara wa Katesh, alikuwa anapeleka soda na mkaa kwa pikipiki kwenye kambi ya ziwani. Ni Mwislamu mshika dini, mbwa hawapendi, na alikuwa akifika anasimama mbali anapiga honi mpaka Nicodemo awafunge. Siku hiyo aliniambia hatapeleka tena mzigo, nisikasirike, kisha akanieleza sababu.

Balangida ikikauka inabaki chumvi tupu, nyeupe, imenyooka mpaka miguuni pa milima, na adhuhuri jua linaichemsha mpaka unaona maji pasipo na maji. Shabani alifika saa kama hizo. Nicodemo alikuwa amelala chini ya turubai. Wageni walikuwa wanasoma vitabu. Mbwa, wa kwetu na wa wageni, walikuwa mbali kule juu ya chumvi, wanatembea pamoja. Alisema kilichomshtua ni mwendo wao. Mbwa wakiwa peke yao hukimbia, hurudi, hukimbizana. Hawa walikwenda polepole, wawili kulia na watatu kushoto, na katikati wameacha nafasi. Nafasi ile ikisimama wanasimama. Ikigeuka wanageuka, wanainua vichwa wanaitazama kwa juu.

"Dada Fransiska, mimi si mtu wa mbwa," aliniambia. "Lakini nimeona mbwa wakimsindikiza mtu, na vile ndivyo wanavyokwenda. Sikumwona huyo mtu. Nimeona chumvi tu. Na walikuwa wanakuja upande wangu."

Nilimshukuru, nikamwambia tumwachie Mungu. Nilipokata simu nilikaa chini, kwa sababu siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimepimwa zahanati na kuambiwa nina mimba.

Nilimwambia Nicodemo aliporudi juu msimu ulipogeuka. Nilimpigia kelele ng'ambo ya kijito kwamba anakuwa mjomba. Alifurahi mpaka akacheza, na Mjumbe akabweka kwa sababu hakuelewa. Kisha akasimama. Akaniambia hiyo ndiyo mara ya mwisho mimi kufika kijitoni. Tutaongea kwa simu, jioni. Nilimwambia siogopi, mimi nimebatizwa. Akasema, "Hata Marieta alibatizwa."

Nilipofika siku nyingine na chakula nilikuta amewafundisha mbwa. Walisimama ukingoni upande wake, Tajiri na Mjumbe waliokulia mikononi mwangu, wakanionyesha meno. Niliweka bakuli kwenye jiwe nikarudi.

Basi tukawa watu wa simu. Alikuwa anaichaji kwa sola ndogo aliyoachiwa na wageni. Kila jioni alinieleza ni nani wamekuja, mbwa wa namna gani, na wamekaa wapi. Nilizoea. Wakati mwingine nilikuwa nauliza mwenyewe, "Na leo wamekaa kwake?" kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha. Ndipo mvua za masika zikakaza, wageni wakakoma, ukungu ukashuka kutoka msituni ukakaa, na kikohozi kikaanza kuingia kati ya maneno yake. Nikamsihi ashuke hospitali Mbulu. Akasema ukungu ukiondoka. Jioni moja simu yake haikupatikana. Jioni ya pili pia.

Patriki alikuwa safarini. Baba mguu haumruhusu kupanda mlima. Alizunguka kwa majirani akiomba vijana, na wote walisema ndiyo, kesho asubuhi, ukungu ukipungua. Walikuwa hawadanganyi sana. Walikuwa kweli wanatamani ukungu usipungue. Kulipopambazuka nilichukua unga wa uji, kiberiti na rozari, nikapanda. Tumbo langu lilikuwa tayari kubwa, nilipumzika kila mahali pa kupumzikia.

Ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona msitu. Niliona miti mmoja mmoja inapotokea, na ndevu zake za kijivu zinazodondosha maji. Nilifika kijitoni kwa kusikia. Nikaita. Hakuna sauti iliyojibu, ila mbwa walikuwepo, walikuja ukingoni wamelowa, wakainamisha vichwa na kuanza kunguruma. Mjumbe aliingia majini mpaka magotini. Nikajua nitang'atwa nikivuka, maana walikuwa wameagizwa na mtu wanayemtii.

Nilianza kusema Salamu Maria kwa sauti. Nilikuwa bado kwenye "umejaa neema" waliponyamaza. Hawakuwa wananitazama mimi. Walitazama pembeni yangu, kushoto, juu kidogo ya bega langu, pale ambapo uso wa mwanamke mrefu kuliko mimi ungekuwa. Marieta alikuwa mrefu kuliko mimi. Masikio yao yalilala. Mkia wa Tajiri ukaanza kupiga maji. Kisha wakageuka, wakapanda ukingo, wakatangulia, mmoja kulia na mmoja kushoto, wameachana kwa upana wa mtu, wanatembea polepole.

Nilivuka. Sikutazama pembeni. Nilitazama ile nafasi kati ya mbwa na kuifuata, na sala yangu niliimaliza nikaianza tena.

Nicodemo alikuwa ndani ya hema, amejifunika koti lile la harusi juu ya blanketi. Kifua chake kilikuwa kinatoa mlio kama wa chungu kinachotokota. Alifumbua macho, akatazama mlangoni.

"Kwa nini umemleta?" aliuliza.

Nikasema, "Sijaletwa na mtu, kaka. Nimekuja mwenyewe."

"Sikuulizi wewe," alisema. Kisha ndipo akaniona, na uso wake ukabadilika, akajaribu kuinuka. "Toka. Fransiska, toka. Una mtoto."

Nilipiga simu kwa baba kwanza, mtandao ulikuwepo kidogo, nikamwambia yu hai, waje na machela. Halafu nikawasha moto, nikapika uji. Aligeuza uso ukutani mwa hema akakataa, akisema kikombe ni kimoja. Nikamimina kwenye kikombe hicho, nikanywa nusu mbele yake, nikamsogezea.

"Haya," nikamwambia. "Nimeshakunywa. Ukikataa utakuwa umenitenga bure."

Alinitazama kwa hasira kwanza, kisha akacheka, na kicheko kikamwumiza. Akasema mimi nilikuwa mjinga tangu utotoni, hata ng'ombe walinishinda. Akanywa. Nikamimina tena, tukanywa kwa zamu. Tangu Marieta alipofariki hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amekula naye. Aliniuliza habari za Patriki, nikamwambia bado hajarefuka. Kabla ya adhuhuri alisema mbwa wametulia sana leo. Walikuwa wamelala mlangoni wote wawili, videvu vyao vimeinuka kidogo kutoka chini, juu ya kitu nisichokiona. Kisha mlio wa kifua ukapungua, ukawa mdogo, na ukaisha. Nilimfumba macho kwa mkono huu. Nikasema, raha ya milele umpe ee Bwana.

Watu walifika mchana, ukungu ukiwa umepanda hadi kwenye vilele vya miti. Hawakuvuka. Walisimama upande wa pili, vijana na machela, Mzee Sulle, na baba, ambaye walimpandisha kwa punda. Mimi nilikuwa nimetoka hemani nimesimama kwa mbali, nikawapigia kelele kwamba amefariki. Kutoka walipokuwa hawakuweza kujua kama nimeingia au nimesimama tu nje.

Mzee Sulle aliuliza kwa sauti, "Nani amemfumba macho?"

Kabla sijajibu baba alisema, "Hakuna. Amefariki peke yake. Huyu binti ameishia nje."

Baba yangu hajawahi kusema uongo nikimsikia. Alikuwa ananitazama tumboni. Nikaelewa ananiokoa mimi na mjukuu wake, na nikaelewa pia itakavyokuwa. Kama hakuna aliyeingia, mimi nitashuka nao, nitajifungua kati ya watu. Na Nicodemo atazikwa palepale alipo, haraka, na vijana waliokunywa pombe kwanza, bila mtu kula, kwa sababu hajatolewa na hakuna tena wa kumtoa.

Nikasema, "Niliingia. Nimekunywa naye uji kikombe kimoja, na nimemfumba macho mimi."

Vijana walirudi nyuma hatua. Mzee Sulle alitafuta jiwe akakaa. Aliweka fimbo kati ya magoti, akasema taratibu, siyo kwangu, "Akonaay. Mwanao anasema ameingia. Mtu haingii mahali ambapo hapapo. Nakuuliza wewe, maana wewe ndiye mwenye neno. Nicodemo alikuwa ndani, au hakuwa ndani?"

Baba alishuka kwenye punda. Alivua kofia. Nilikuwa namwona midomo inatembea, nadhani alikuwa anasali, au alikuwa anapigana. Kijito kilikuwa kinasikika chote.

"Alikuwa ndani," alisema. "Miaka yote hii alikuwa ndani. Mtoeni."

Wakavuka. Walimnyoa kaka yangu mlangoni mwa hema, wakamwosha, wakasema maneno ya wazee, na baba akasema Baba Yetu kwa ile sauti yake iliyokwisha. Kisha wakambeba kwenye machela wakashuka naye nyumbani, kwenye boma, na mbwa wakawafuata, bega kwa bega, hawakuacha nafasi tena.

Mimi nilibaki, kwa kuwa nilikunywa naye kabla hajatolewa. Mzee Sulle alinieleza kwa upole, akanipa pole kabla ya kunieleza. Nitakaa hapa kambini mpaka mtoto azaliwe na kuota jino, kisha watakuja kunitoa na watakula nami. Nilimwuliza kuhusu kujifungua. Akasema hospitali si boma la mtu, nishuke Mbulu siku yangu ikikaribia, halafu nirudi. Patriki aliporudi safari alilia, kisha akachimba choo kipya na kuimarisha turubai, na analala ng'ambo kwenye kibanda cha viazi. Naandika haya mchana mchana wakati mtoto akitulia tumboni. Naogopa. Nasali na bado naogopa, sitaki kumdanganya mtu.

Lakini siku ya maziko ukungu ulikuwa umeondoka kabisa na nililiona boma letu lote chini. Niliona padre, niliona kaburi jipya karibu na la Marieta. Kisha niliona watu wanakaa. Walijaa uani, wakamwagikia hadi kwenye shamba la maharage, masinia yakapita, na nikaona mikono inakwenda na kurudi. Hakuna aliyeinuka. Wanawake wenye mimba walikuwa wanagawa mchuzi.

Wakati bado wanakula niliona mtu ametoka uani na fimbo na kikapu, anapanda. Nilimtambua kwa mguu. Alichukua muda mrefu, akipumzika kila palipo na kivuli. Alipofika kijitoni alitoa sahani mbili kwenye kikapu. Moja aliiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma mpaka nikaja kuichukua. Nyingine akaishika mwenyewe, akakaa kwenye majani upande wake, akanitazama.

"Kula," alisema baba. "Nami nakula."